Draiva ya flashi inapoiwahi chipu: kusaka na kurekebisha hitilafu ya muda

Ukifungua draiva (programu inayoendesha kifaa) ya NAND, aina ya kumbukumbu ya flashi, iliyokaa miaka mingi, aghalabu utakuta mahali fulani `udelay(20)`, yaani amri ya kusubiri mikrosekunde 20, imesimama peke yake, haina maelezo, na hakuna anayethubutu kuigusa. Mtu aliiweka, hitilafu ikatulia, akaendelea na kazi nyingine. Kisha bodi inawekewa prosesa yenye kasi zaidi, au chipu ya flashi inabadilishwa kwa ya mtengenezaji mwingine, na faili zinaanza kuharibika upya.

Hapa nataka tuitibu hitilafu hiyo, yaani draiva kuisoma au kuiamuru chipu kabla haijawa tayari, si kuinyamazisha. Kipimo changu ni hiki: rekebisho halijakamilika mpaka uweze kutaja muda gani ulivunjwa, unahesabiwa kutoka ukingo upi wa ishara (inapopanda au kushuka) hadi ukingo upi, na nani anapaswa kuulinda, kidhibiti (maunzi yanayozungumza na chipu) au draiva. Ukikosa jibu la moja kati ya hayo matatu, bado uko kwenye kubahatisha, hata kama majaribio yote yanapita.

Mifano yangu inatoka kwenye NAND ghafi chini ya Linux, kwa sababu huko mzigo wa muda unaangukia draiva moja kwa moja. Kwenye eMMC na SSD kuna kidhibiti ndani ya kifaa chenyewe kinachozungumza na chipu, na wewe huyaoni haya. Kwa NOR ya SPI (flashi ya aina nyingine, inayotumia basi la siriali) mbinu ni zilezile, ila pini ni chache.

1. Hakikisha ni muda, si uchakavu

Flashi huchakaa, na seli iliyochoka nayo hutoa makosa ya ECC (msimbo wa kugundua na kurekebisha biti zilizokosewa). Tofauti yao kubwa ni hii: seli mbovu hukosea mahali palepale kila unaposoma, ilhali usomaji uliowahi mno hubadilika badilika. Chagua ukurasa mmoja wenye data, uusome mara nyingi bila ECC, ulinganishe:

```
for i in $(seq 200); do
  nanddump -n -s 0x40000 -l 2048 -f /tmp/p.bin /dev/mtd3 2>/dev/null
  sha256sum < /tmp/p.bin
done | sort | uniq -c
```

Chaguo la `-n` ndilo linalozima ECC. Usishtuke ukiona matokeo mawili matatu tofauti. Hata chipu nzima inaweza kuwa na biti moja inayoyumba. Chukua nakala mbili zisizofanana uzipitishe kwenye `cmp -l`. Biti moja hapa na nyingine kule, mahali palepale kila mara, ni suala la seli. Baiti nzima nzima zilizobadilika, au data yote iliyosogea hatua moja, ni suala la muda au la waya.

Umbo la uharibifu lenyewe linasema mengi, kwa hiyo usiharakie kuandika msimbo kabla hujalitazama kwenye `hexdump`.

Ukurasa unaousoma una data ya ukurasa uliosomwa kabla yake. Hii ni dalili nzito. Chipu ilikuwa bado inapakia ukurasa mpya kwenye rejista yake ya ndani, nawe ukaanza kuchota. Ulichopata ni mabaki ya zamani.

Baiti ya kwanza imejirudia na zote zilizobaki zimesogea. Kidhibiti kinapiga picha ya basi la data mapema mno, au kilianza kusoma kabla ya mapumziko yanayotakiwa baada ya chipu kuwa tayari.

Ukurasa wote ni 0xFF ingawa uliandika. Huenda uandishi haukufanyika kabisa: amri ilitumwa chipu ikiwa bado na shughuli, ikapuuzwa.

Ukurasa wote ni 0xE0. Huu unawapotosha wengi, kwa sababu unafanana na tatizo la muda na kumbe silo. 0xE0 ni baiti ya hali: biti ya 7 inasema hakuna kinga ya uandishi, ya 6 na ya 5 zinasema chipu iko tayari. Draiva ilituma 0x70 kuuliza hali wakati wa kusubiri, kisha ikaanza kuchota data bila kutuma 0x00 ili kuirudisha chipu kwenye utoaji wa data. Chipu inajibu kwa utiifu swali la mwisho iliyoulizwa, mara 2048. Ongeza 0x00 na kazi imekwisha.

Namba za makosa za kerneli nazo husaidia: -74 ni ECC iliyoshindwa kurekebisha, -117 ni biti zilizorekebishwa lakini zimefikia kiwango cha kuhofiwa, -110 ni muda wa kusubiri uliokwisha. Ukiona -110 zimechanganyika na -74 kwenye logi moja, weka uchakavu mwisho wa orodha ya washukiwa.

Na kabla hujaenda mbali, pima umeme. Chipu ya volti 3.3 kwa kawaida inavumilia kati ya 2.7 na 3.6, lakini kufuta na kuandika hunyonya mkondo kwa mshtuko. Volti ikizama wakati huo utasaka hitilafu ya programu isiyokuwepo.

2. Ifanye hitilafu ije ukiiita

Adui wa kwanza hapa ni logi zako mwenyewe. Konsoli ya siriali kwa kasi ya 115200 hutumia takriban mikrosekunde 87 kwa kila herufi. Mstari wa herufi 40 ni milisekunde 3.5. Linganisha na mikrosekunde 25 ambazo chipu nyingi za SLC (zenye biti moja kwa seli) zinahitaji kupakia ukurasa, au milisekunde 2 au 3 za kufuta bloku (kundi la kurasa). Yaani `printk` moja (mstari mmoja wa logi ya kerneli) kwenye njia ya kusoma inameza muda wote uliokuwa unavunjwa, na hitilafu inatoweka mbele ya macho yako. Tumia `trace_printk`, inayoandika kwenye kumbukumbu tu, halafu usome baadaye.

Funga kasi ya prosesa. Weka gavana ya `performance` na urudie jaribio, kisha `powersave` na urudie. Hitilafu inayokuja tu prosesa ikiwa kwenye kasi ya juu inakuelekeza kwenye draiva, maana ndiyo inayokwenda na kasi hiyo. Ile isiyojali kasi ya prosesa mara nyingi imo kwenye rejista za kidhibiti.

Kwa mzigo, kerneli ina moduli zake za majaribio. `mtd_readtest` husoma tu. `mtd_pagetest` na `mtd_stresstest` hufuta na kuandika, kwa hiyo zipe kizigeu kisicho na kitu unachokihitaji. `mtd_torturetest` iache, kazi yake ni kuchosha bloku kwa makusudi, na hapa tunataka chipu ibaki na afya ili tusichanganye dalili.

Kisha fanya jaribio moja ambalo huokoa saa nyingi: ilazimishe draiva kwenye modi 0 ya muda. Kiwango cha ONFI, cha pamoja cha watengenezaji wa flashi ya NAND, kilichoanza 2006, kina modi sita za muda wa kawaida, 0 hadi 5. Modi 0 ina mzunguko wa kusoma wa nanosekunde 100, modi 5 wa 20. Ndani ya `setup_interface` ya draiva yako, sehemu inayopanga muda, kataa modi yoyote iliyo juu ya 0. Hitilafu ikipotea, anza msako kwenye mizunguko ya data, yaani upana wa mapigo na mahali pa kupigia picha. Ikibaki vilevile, anza kwenye kusubiri: utayari, hali, na ukomo wa kusubiri. Si hukumu ya mwisho, kwa sababu modi 0 inalegeza karibu kila kitu, lakini inakuonyesha pa kuanzia.

3. Fuata usomaji wa ukurasa mmoja, ukingo kwa ukingo

Fungua datashiti ya chipu kwenye mchoro wa kusoma ukurasa, uuweke kando ya draiva. Kinachotokea ni hiki. Draiva inatuma 0x00, halafu baiti tano za anwani, halafu 0x30. Kila baiti inaingia kwenye chipu pini ya WE# (ya kuandika) inapopanda. Baada ya WE# kupanda kwa ajili ya 0x30, chipu inashusha pini ya R/B# kusema ina kazi. Inakaa chini kwa muda wa tR, ndizo zile mikrosekunde 25. Inapopanda, unasubiri tRR, kwa mfano nanosekunde 20, ndipo unaanza kuichezesha RE#, pini ya kusoma, kuchota data.

Sasa tazama pengo kati ya WE# kupanda na R/B# kushuka. Jina lake ni tWB, na ONFI inairuhusu chipu ichukue hadi nanosekunde 100, au 200 kwenye modi 0. Ndani ya pengo hilo pini bado inaonyesha "tayari", ingawa kazi imeshapokelewa. Ni sawa na kumpa mtu kazi na kumwuliza "umemaliza?" kabla hajaishika, mikono yake mitupu itakudanganya. Prosesa ya zamani ilikuwa goigoi kiasi kwamba ilipofika kwenye kuangalia pini, nanosekunde 100 zilikuwa zimekwisha zenyewe. Prosesa mpya inafika ndani ya pengo. Sehemu kubwa ya hitilafu za "ilifanya kazi kwenye bodi ya zamani" zinaishi hapo.

Kuna jambo moja kwenye jedwali la datashiti linalowachanganya hata wazoefu. tWB imeandikwa kwenye safu ya upeo, si ya kima cha chini, na msomaji wa haraka anadhani haimhusu: "upeo ni 100, basi mimi nikiwa na 10 niko salama." Ni kinyume chake. Upeo huo ni ahadi ya chipu kwamba haitachelewa zaidi ya hapo, na ahadi ya upeo ya chipu hugeuka kuwa kima cha chini kwa draiva. tREA nayo ni hivyohivyo: chipu inaahidi data itakuwa kwenye basi ndani ya, tuseme, nanosekunde 20 tangu RE# ishuke, kidhibiti kisipige picha kabla ya hapo. tRR, tWHR (WE# kupanda hadi RE# kushuka) na tADL (anwani hadi kuingiza data) ziko safu ya kima cha chini na maana yake ni ya moja kwa moja.

Tengeneza orodha yako ndogo: jina la muda, ukingo wa kuanzia, ukingo wa kuishia, thamani, mlinzi. Safu ya mlinzi ndiyo yenye thamani kuliko zote. Ukijikuta unaandika "sijui" hapo, umekaribia.

4. Pima kwenye pini

Msimbo unakueleza nia ya mwandishi wake. Pini zinakueleza kilichotokea. Utahitaji oskiloskopu au lojiki analaiza inayofikia WE#, RE#, CLE (inayoonyesha kwamba baiti ni amri), R/B# na angalau waya mmoja wa data. Angalia kasi ya sampuli kabla hujaamini unachokiona: kifaa cha sampuli milioni 24 kwa sekunde kinatazama kila baada ya nanosekunde 42 hivi. Kwa tR kinatosha kabisa, kwa tRR ya nanosekunde 20 ni kipofu. Milioni 200 kwenda juu ndipo mazungumzo yanapoanza, na kwa mizunguko ya modi 4 au 5 hata hizo ni za kubana. Waya wa ardhi wa probu uwe mfupi, la sivyo utapima mitetemo ya waya wako.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni kuazima pini moja ya GPIO (ya matumizi ya jumla) iliyo huru. Iinue mara tu draiva inapoamua kwamba chipu iko tayari, ishushe draiva inapotuma amri inayofuata. Sasa una mistari miwili kwenye skrini: R/B#, ambayo ni ukweli wa chipu, na GPIO, ambayo ni imani ya draiva. GPIO ikipanda R/B# ikiwa bado juu kabla ya kushuka, umeikamata tWB mkononi. Ikipanda wakati R/B# iko chini, subira iliisha mapema. Zingatia tu kwamba kuandika GPIO nako kuna ucheleweshaji wake, kwa hiyo usiitumie kupima nanosekunde. Itumie kuona mpangilio wa matukio.

Ukiwa hapo, tazama R/B# inavyopanda. Pini hii kwa kawaida ni ya mfereji wazi, inavutwa juu na rezista tu. Rezista ya kiloohm 10 na uwezo wa pikofaradi 50 kwenye waya vinatoa takriban mikrosekunde 1.1 za kupanda kutoka asilimia 10 hadi 90. Haikuharibii data, inakuchelewesha. Lakini ukingo unaopanda polepole hivyo ukiunganishwa kwenye interapti (ishara inayoikatiza prosesa) unaweza kuizusha mara mbili, na interapti ya ziada ikibaki imesimama itahesabiwa kama utayari wa operesheni inayofuata. Dawa ni kuifuta hali ya interapti kabla ya kutuma amri, si baada.

5. Sehemu nne za msimbo za kushuku

*Hesabu za mizunguko.* Kidhibiti hakielewi nanosekunde, kinaelewa mizunguko ya saa yake, na kila ugawanyaji ni nafasi ya kukosea. Kila mtu anajua mizunguko ikatwe kwenda juu kwa `DIV_ROUND_UP`. Wachache wanakumbuka kwamba kipindi cha saa chenyewe kikatwe kwenda chini. Chukua saa ya megahezi 166: kipindi ni nanosekunde 6.02. Draiva ikikikata kwenda juu kuwa 7, na datashiti inataka tWHR ya 60, hesabu inatoa mizunguko 9. Tisa mara 6.02 ni 54. Umevunja muda kwa nanosekunde 6 huku ukiamini ulikata "kwa usalama". Jibu sahihi ni mizunguko 10. Kerneli inatunza muda kwa pikosekunde kwenye `struct nand_sdr_timings`. Baki kwenye pikosekunde hadi hatua ya mwisho.

Hapohapo angalia mambo mawili ya karibu: je, rejista inataka N au N toa 1? Na je, `clk_get_rate` iliitwa kabla au baada ya saa kubadilishwa? Hesabu safi iliyofanywa juu ya kasi ya jana haina maana.

*Upana wa rejista.* Hapa kuna kisa cha kweli kinachostahili kusimuliwa. Draiva ya gpmi-nand kwenye kerneli ya Linux ilikuwa na rejista ya ukomo wa kusubiri yenye upana wa biti 16, na kila kipimo chake ni mizunguko 4096 ya saa. Draiva ilipaswa kugawanya mizunguko kwa 4096, yenyewe ikazidisha. Kwa miaka hakuna aliyeona, kwa sababu 2408 mara 4096 ni 0x968000, na biti 16 za chini zilibaki 0x8000, ukomo mkubwa tu. Mwaka 2022 rekebisho lingine, lililokuwa sahihi, likabadilisha mizunguko kuwa 2384. Hiyo mara 4096 ni 0x950000. Biti 16 za chini ni sifuri. Ukomo wa kusubiri ukawa sifuri, na usomaji ukaanza kukatika papo hapo. Wakarekebisha uzidishaji ukawa ugawanyaji, na ndipo kosa la tatu lililokuwa limejificha nyuma ya hayo mawili likajitokeza: ukomo ulikuwa umehesabiwa kutokana na muda wa kusoma ukurasa, ilhali rejista hiyohiyo ilitumika pia kwa kuandika na kufuta, ambavyo huchukua muda mrefu zaidi kwa mbali. Ukirekebisha muda mmoja, pitia na jirani zake wote wanaotumia rejista ileile.

*Maandishi yasiyofika.* `writel`, amri ya kuandika kwenye rejista ya kifaa, ikirudi haimaanishi kwamba thamani imefika kwenye kidhibiti. Basi linaweza kuipokea, kukiri, na kuiacha njiani. Ukiandika `writel` ikifuatiwa na `ndelay(100)`, saa yako inaanza kuhesabu kabla amri haijafika, na nanosekunde 100 zako zinaweza kuisha amri ikiwa bado barabarani. Njia inayotambuliwa na kerneli ni kusoma rejista ya kifaa hichohicho kwa `readl` baada ya kuandika. Usomaji huo haukamiliki mpaka maandishi yaliyotangulia yafike, na `udelay` au `ndelay` haianzi kabla usomaji haujakamilika.

Na `ndelay` yenyewe ina mambo yake. Kwenye aina za prosesa zisizo na toleo lake maalumu, kerneli inaikata kwenda juu kuwa mikrosekunde nzima. Ndiyo maana draiva moja hupona kwenye bodi moja na kuugua kwenye nyingine: huko ilipokuwa nzima ilikuwa ikipewa mara kumi ya ilichoomba.

*Ukomo wa kusubiri.* Kitanzi kinachouliza "tayari?" na kuangalia saa kinaweza kuondolewa kwenye prosesa katikati, kikarudi muda umekwisha, na kikatangaza -110 ilhali chipu ilimaliza zamani. Baada ya muda kwisha, uliza mara moja ya mwisho. `readl_poll_timeout` inafanya hivyo; vitanzi vya kujitungia mara nyingi havifanyi. Ukihesabu kwa jifi (mapigo ya saa ya kerneli), kumbuka kwamba jifi moja inaweza kuwa imebakiza kipande kidogo tu, kwa hiyo ongeza moja.

6. Andika rekebisho

Kwenye draiva zinazotumia `exec_op`, njia ya kerneli ya kuipa draiva operesheni hatua kwa hatua, kiini cha kerneli tayari kinakupa muda wa kusubiri baada ya kila hatua kupitia `instr->delay_ns`. Baada ya 0x30 thamani hiyo ni tWB. Draiva nyingi zenye hitilafu hazijakosea hesabu yoyote. Zimeipuuza tu sehemu hiyo. Rekebisho linaweza kuwa dogo hivi:

```c
static int fl_subiri(struct fl_nand *n, u32 delay_ns, u32 ukomo_us)
{
	u32 v;

	/* hakikisha amri imefika kabla ya kuanza kuhesabu */
	readl(n->base + FL_HALI);

	/* tWB: R/B# haiaminiki kabla ya hapa */
	ndelay(delay_ns);

	return readl_poll_timeout(n->base + FL_HALI, v,
				  v & FL_TAYARI, 5, ukomo_us);
}
```

Lakini angalia kidhibiti chako kabla ya kuinakili. Kikiwa na foleni ya amri ndani, `readl` inathibitisha tu kwamba amri imeingia kwenye foleni. Haisemi kama imetoka kwenye pini. Hapo unahitaji kusubiri biti ya "amri imekamilika" kwanza, kisha tWB, kisha R/B#. Na kama kidhibiti kina rejista yake ya tWB, itumie hiyo uache `ndelay` kabisa, maana maunzi yanahesabu kutoka kwenye ukingo wenyewe, jambo ambalo draiva haiwezi.

Ondoa `udelay(20)` ya zamani katika badiliko lilelile, usiiache "kwa tahadhari". Ikibaki, hutajua kama rekebisho lako linafanya kazi au linabebwa. Tena ina gharama: mikrosekunde 20 kwa kila ukurasa ni karibu sawa na tR yote, wakati nanosekunde 100 ni asilimia 0.4 ya tR. Wanaolalamika kwamba usahihi unapunguza kasi huwa hawajaendesha `mtd_speedtest` kabla na baada.

Kwenye maelezo ya badiliko andika jina la muda, kingo mbili, thamani kabla na baada, na ulipopimia. Atakayekuja baada yako ataweza kuuliza swali la maana badala ya kuogopa kugusa.

7. Irudishe hitilafu kwa makusudi

Rekebisho lililopita majaribio halijathibitika bado. Weka `delay_ns` iwe sifuri: hitilafu irudi, na kwa umbo lilelile la uharibifu uliloliona hatua ya kwanza. Rudisha thamani: ipotee. Ikiwa sifuri haileti chochote, basi hukurekebisha ulichodhani, umebadilisha tu mwendo wa msimbo kiasi cha kuisogeza kando.

Baada ya hapo pitisha mzigo prosesa ikiwa kasi ya juu na ya chini, bodi ikiwa ya baridi na ya moto, na baada ya kulala na kuamka. Kulala kuna mtego wake: chipu iliyokatiwa umeme inaamka ikiwa modi 0, na kidhibiti kinaweza kupoteza rejista zake za muda pia. Draiva ikiendelea kuamini kwamba bado iko modi 4, utaanza upya.

8. Bloku zilizosingiziwa

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Wakati draiva ilikuwa ikisoma hali mapema, huenda iliona kufuta "kumeshindwa" kwenye bloku zisizo na tatizo, na tabaka la juu likaziweka alama ya ubovu. Draiva mpya itaziheshimu alama hizo. Ukiona bodi ambazo zimepoteza bloku nyingi kwa umri wake, na zote zinatoka kwenye kipindi cha draiva yenye hitilafu, chanzo ni hicho.

Kishawishi kikubwa ni kuendesha `nand scrub` kwenye U-Boot (programu ya kuwashia bodi) na kuanza upya. Usifanye hivyo bila kutafakari. Alama za ubovu za kiwandani zimeandikwa kwenye eneo la ziada la kurasa za bloku yenyewe. Scrub inazifuta pamoja na zile za uongo, na ukishazifuta hakuna njia ya kuzitofautisha tena. Bloku ambayo kiwanda kiliikataa inaweza kupita jaribio lako leo na kupoteza data baadaye.

Kama ulihifadhi orodha ya bloku mbovu siku bodi ilipowashwa mara ya kwanza, ilinganishe na ya sasa, na ziachilie huru zile zilizoongezeka tu, baada ya kuzijaribu moja moja kwa kufuta, kuandika na kusoma kwa draiva mpya. Kama orodha hiyo haipo, ziache zilivyo mradi nafasi inatosha. Kuhusu data: kilichoandikwa na draiva ya zamani kisome kwa draiva mpya ukilinganishe na chanzo chake. Kurasa zinazosomeka vizuri sasa ziliharibika wakati wa kusoma tu, nazo ni salama. Zinazotoa -74 hata sasa huenda ziliharibika wakati wa kuandika, na hizo hakuna draiva itakayozirudisha. Futa bloku, andika upya.